Fundi wa Kompaundi Kali

Fundi alikuwa akionja kompaundi kabla ya kuinunua. Hilo ndilo jambo la kwanza ninaloliona nikimkumbuka, na hadi leo mate hunijaa mdomoni, yale mate ya mtu anayekaribia kutapika. Angeingia dukani kwangu pale Kitale, anyooshe kidole kwenye rafu, nami ningemfungulia kopo. Alichovya kidole cha kati ndani ya ule uji mzito wa kijivu ambao mafundi husugulia rangi ya gari iliyochunika, akaupaka kwenye meno ya mbele, akafumba macho, akasaga. Ungesikia sauti kama ya mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Kisha alitema kwenye kipande cha gazeti, na akikosa gazeti alitema kwenye leso yake na kuirudisha mfukoni.

"Hii iko na meno," alisema akiridhika.

Isipomridhisha alilisukuma kopo upande wangu na kusema hayo ni maziwa, niwapelekee watoto.

Nilikuwa nauza vifaa vya rangi za magari: rangi zenyewe, thina ya kuyeyushia rangi, msasa, fila ya kujazia mabonde ya bodi, na kompaundi za kila aina. Duka aliliacha marehemu mume wangu, na kazi nilijifunza kwake, nikaongezea kwa kuwasikiliza wauzaji waliotuletea mizigo kutoka Nairobi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na uwanja wa jua kali uliojaa mafundi. Kulikuwa na fundi wa injini, fundi wa viti, fundi wa kuchomelea. Lakini mtu akisema tu "Fundi," bila kuongeza neno, kila mmoja alijua ni huyu wa kung'arisha. Jina lake alikuwa nalo, na sitaliandika hapa. Sitaki liwe kwenye karatasi yangu.

Niseme kidogo kuhusu kompaundi, maana bila hiyo huwezi kumwelewa. Ndani yake kuna chenga. Ya laini ina chenga ndogo kama unga uliochekechwa, inaondoa ukungu na mikwaruzo ya kitambaa kichafu. Ya kati inaondoa alama za matawi na kucha. Ya kali inakula. Hiyo ni ya rangi iliyokufa kwa jua, au iliyochimbwa na msumari wa mtoto mtundu, na hata hapo unaiweka ukijua unachofanya, kwa sababu gari lina ngozi moja tu ya juu, ile angavu inayolinda rangi, na ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Ukiikata hairudi. Kwa hiyo mume wangu alinifundisha, nami niliwaambia wateja wote: anza na laini mahali padogo pasipoonekana, futa, tazama. Alama ikikataa kutoka, panda ngazi moja. Ukiona imetoka, simama hapo hapo.

Fundi alianza na kali na kumaliza na kali. Nilipomwambia kuhusu ngazi, alinitazama kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Rangi, alisema, ni kama mke wa mtu, ukiibembeleza haitakuheshimu. Alikuwa akisema "langi," kama watu wengi wa kwao Bungoma, na sikuwahi kuona kasoro katika hilo. Kilichonichukiza ni hayo mengine ya mke, hasa kwa kuwa aliyasema mbele yangu mjane, akicheka, chenga bado zikimeta kati ya meno yake.

Na gari lilipotoka mikononi mwake lilimeta kweli. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Ungelileta limepauka kama kisigino cha mtu wa shamba, nawe ungelichukua jioni likiwa kama kioo cha kinyozi. Wenye magari walishangilia. Hawakujua kwamba alichowapa ni mng'aro wa kitu kilichochunwa, na kwamba msimu mmoja wa jua ungetosha kutoa mabaka meupe juu ya paa, kama ugonjwa wa ngozi. Wakirudi kulalamika, aliwaambia ni jua la Trans-Nzoia, au ni mvua ya mawe, au ni kuku wanalala juu ya gari.

Kulikuwa na mchungaji mmoja mwenye pikapu nyekundu. Fundi alisugua ukingo wa boneti mpaka akafika chini, kwenye rangi ya kijivu ya msingi. Mtu mwingine angekubali kosa. Yeye alivuka barabara akaenda kwa muuza viatu, akarudi na kopo la rangi nyekundu ya viatu, akapaka ukingo ule na kuung'arisha kwa brashi. Mchungaji akaichukua pikapu yake akimshukuru Mungu. Jumapili hiyo mvua ikanyesha, naye akiwa na kanzu nyeupe akaegemea boneti akiwasalimu waumini. Aliingia madhabahuni na mstari mwekundu tumboni kama mtu aliyechomwa kisu. Fundi mwenyewe ndiye aliyenisimulia, siku nyingi baadaye, akipiga paja kwa kicheko. Waumini wengine, alisema, walidhani ni muujiza.

Uchafu wake ulikuwa wa kipekee. Kompaundi ikianza kukauka juu ya bodi, hakutafuta chupa ya maji. Alitemea mate kwenye boneti na kuendelea. Vitambaa vyake vilikuwa fulana zake mwenyewe zilizochakaa, na sketi za ndani za akina mama alizookota sokoni kwenye mitumba. Kitambaa kimoja kilifuta gari, jasho la shingo na pua, kwa zamu yoyote. Adhuhuri alikaa juu ya tairi na kula hindi la kuchemsha bila kunawa, na ungeona mstari wa kijivu ukizunguka gunzi kila alipolishika. Chai aliinywea kwenye kopo tupu la kompaundi. Nilimpa kikombe siku moja, si kwa upendo, ni kwa sababu sikuweza kutazama tena. Alikitumia kuwekea misumari.

Sasa chukua mtu huyo umvishe suti ya Jumapili. Viatu vyake vilikuwa safi kuliko vya wakili. Aliimba besi kanisani, na sauti ile ilitoka chini kabisa ikaufanya ubao wa benchi utetemeke. Kila alipokuwa na mikono michafu hakumpa mtu kiganja. Alikunja ngumi na kutoa kifundo cha mkono, kama heshima inavyotaka, akainamisha kichwa kidogo. Na nyumbani kwake, kando ya barabara iendayo Kwanza, aliishi na mama yake aliyekuwa haoni. Nilipita huko jioni moja nikitoka kwa dada wa kanisa, nikamkuta amepiga magoti uani, miguu ya bibi yule ikiwa ndani ya karai la maji ya uvuguvugu. Alikuwa akisugua visigino vyake kwa jiwe, polepole sana, akipuliza povu litoke aone alipofikia. Kila mara alimuuliza kwa Kibukusu kama inauma.

Kumbe alijua kusugua polepole. Nilisimama pale njiani nikimchukia zaidi kuliko nilivyowahi kumchukia dukani.

Jambo moja lazima nilikubali. Mkono wa Fundi ulikuwa na akili. Sijaona mwingine kama ule. Akiwa na mashine ya kusugulia inayozunguka, alipitisha kiganja cha mkono wa kushoto juu ya bodi nyuma ya mashine, akipima joto. Alinieleza mara moja, siku ya mvua wateja walipokosekana. Bati tupu, alisema, hulipokea joto la mashine na kulitawanya, likapoa haraka. Mahali penye fila joto hukaa tu, kama uji kwenye chungu. Hapo ukiendelea na kompaundi kali kwa mwendo ule ule, rangi hutoa malengelenge, na kila mtu anaona kuna kiraka. Kwa hiyo mahali pa namna hiyo, peke yake, yeye alishuka kwenye laini na kupunguza mwendo.

"Mtu ananunua gari na macho," alisema, "anaendesha na matako. Lakini gari haina siri kwa mwenye mkono."

Nililisikia hilo nikalisahau, kama unavyosahau maneno ya mtu usiyempenda.

Mdogo wangu Nyambura aliolewa na mwalimu wa shule ya msingi huko Naitiri. Alikuwa msusi. Sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu: wanawake walitoka Tongaren nzima kuja kukaa kwenye kiti chake pale sokoni, na siku ya soko walipanga mstari wakiwa na vitana mikononi. Vidole vyake vilikwenda kama vya mtu anayechambua mchele, huku yeye akizungumza mambo mengine kabisa. Mwaka ambao shemeji yangu alipata nafasi ya kununua gari, broka mmoja wa Kitale alimwonyesha gari dogo la buluu iliyokolea. Lilimeta hata ungeweza kujitengenezea nywele mbele ya mlango wake.

Shemeji hakuwa mjinga. Alilileta mpaka mbele ya duka langu, na Nyambura amekaa kiti cha mbele akijaribu kama miguu yake inatosha. Nikamwita Fundi kutoka ng'ambo. Nilijua ndiye aliyeling'arisha, kwa sababu magari ya broka yule yote yalipitia kwake, na nilitaka aniambie kitu kimoja tu. Nikamuuliza mbele ya wote.

"Fundi, hawa ni watu wangu. Hii gari iko sawa?"

Alikuja akijifuta mikono kwenye suruali. Akalizunguka gari. Akaweka kiganja juu ya paa, akakishusha kwenye nguzo iliyo kati ya kioo cha mbele na mlango, upande wa abiria, akakiacha pale kidogo. Kisha akamwinamia Nyambura dirishani, akatabasamu na meno yake yaliyolika.

"Dada, hapo umekaa ni kwako," akasema. Halafu akamgeukia shemeji. "Mwalimu, hii gari ilikuwa ya mtu alikuwa anaitunza. Chukua."

Wakalichukua.

Lile paa lilianza kutoa mabaka kabla mahindi hayajakomaa. Hilo tulilicheka. Shemeji alisema gari limeota mvi mapema kama baba yake. Kisha ikatokea ufa mwembamba kwenye ile nguzo ya mbele, mrefu kama kalamu, na rangi ikaanza kujikunja kandokando yake. Shemeji alikuwa amepanga kulileta Kitale nimtafutie mtu wa kulitazama. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, wakiwa njiani kuja kwangu, ng'ombe aliingia barabarani. Shemeji alimkwepa, gari likatumbukia mtaroni, likaegemea ukingo kwa upande wa Nyambura. Halikuwa limekwenda kasi. Shemeji alitoka akiwa amekwaruzika goti tu, na watu waliofika walisema ajali ya namna ile mtu hushuka, akapangusa vumbi, akatafuta wa kumsukuma.

Lakini upande wa Nyambura gari lilikunjika kama boksi la sabuni. Nguzo ile ilikatikia pale pale penye ufa, paa likashuka, mlango ukaingia ndani, na mkono wake wa kulia, aliokuwa ameurusha kwenye mlango kujikinga, ukawa katikati. Walipolivuta gari tuliona wenyewe. Lilikuwa magari mawili. Mbele ya gari moja ilikuwa imechomelewa kwenye nyuma ya jingine, na mshono wote ulikuwa umejazwa fila unene wa kipande cha mkate, ukapakwa buluu, ukang'arishwa.

Mkono hawakuukata. Waliutia vyuma na kuushona, ukapona ukiwa umepinda kwenye kiwiko, na vidole vitatu havikufunga tena. Nilikuwa naye hospitalini siku aliyomwomba nesi kitana. Alimkalisha mtoto wake wa kike kitandani, akajaribu kumsuka mstari mmoja. Nywele zilimponyoka. Akajaribu tena. Mtoto akainamisha shingo, akisubiri. Nikatoka nje nikasimama ukutani mpaka nilipoweza kurudi.

Nilikuwa nimekwisha kukumbuka. Wiki ile gari la buluu lilipokuwa kwenye uwanja wa Fundi, alikuwa amekuja dukani akachukua kompaundi kali kama kawaida, kisha akaomba na kopo dogo la laini. Fundi, aliyeiita maziwa. Nilimtania siku ile kwamba amezeeka meno. Naye akacheka, hata hakuionja.

Nilivuka barabara. Alikuwa amejikunja juu ya boneti ya mtu. Nilizima mashine yake kwenye ukuta, nikamwambia yote: mshono, fila, mkono wa mdogo wangu. Nikamuuliza kama alijua.

Alifikiria. Hilo ndilo siwezi kumsamehe, kwamba alitulia akafikiria kama mtu aliyeulizwa swali la kazi.

"Mkono ilijua," akasema. "Hapo kwa nguzo joto ilikataa kutoka. Nikashuka laini."

"Na nilikuuliza mbele ya watu kama liko sawa."

"Mama Njeri, mimi ni mtu wa langi. Langi ilikuwa sawa. Chuma sikuulizwa."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayenikumbusha mpaka wa shamba lake na la jirani. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ningetaka amalizie boneti ile kwanza ndipo tuzungumze. Nilitazama midomo yake. Kulikuwa na kijivu kwenye pembe za mdomo, kimekauka, na mate yakikilowesha kila alipofungua kinywa. Nikarudi dukani nikatapika kwenye ndoo ya matambara.

Broka tulimripoti, naye akahama mji kabla hajaitwa. Fundi hakuna aliyemgusa. Kosa lake halikuwa na jina. Polisi aliyetusikiliza alituuliza ni sheria gani inamkataza mtu kung'arisha gari.

Tangu hapo sikumuuzia kitu. Hakugombana. Alianza kununua makopo yasiyo na karatasi, yaliyokuwa yakipenyezwa kutoka Uganda kupitia Suam, na yalipokosekana alijitengenezea mwenyewe: sabuni ya unga ya kusugulia sufuria, mafuta ya taa, na mafuta ya kupikia yaliyobaki kwa muuza chipsi. Uwanja wote ukanuka kama jiko la shetani. Magari yaliyotoka hapo yalinuka viazi kwa siku kadhaa na nzi waliyafuata barabarani. Wateja hawakupungua. Kila asubuhi, akifungua kazi, alinisalimia kutoka ng'ambo kwa kuinua mkono, nami kila asubuhi niligeuka kupanga rafu.

Ningependa picha yake iishie hapo. Ingekuwa rahisi kuitundika.

Mwaka ule uchaguzi ulipogeuka vurugu, sisi ambao wazazi wetu walitoka Kenya ya kati kuja kununua mashamba Trans-Nzoia tulijua mapema kwamba milango yetu inahesabiwa. Nilifunga duka kwa kufuli, nikawachukua watoto, tukajibanza kwenye ua wa kanisa pamoja na wengine. Tulikaa huko wiki nyingi, tukisikia habari za duka la fulani limechomwa na la fulani limebebwa mpaka mabati. Langu lilikuwa na thina na rangi. Kiberiti kimoja kingetosha. Nililiaga moyoni.

Niliporudi nililikuta limesimama. Kwenye milango, kwa rangi nyekundu ya magari, herufi zikitiririka, palikuwa pameandikwa DUKA YA FUNDI. Na mbele ya mlango, juu ya kiti cha plastiki, alikuwa amekaa mama yake asiyeona, shuka limemfunika magoti.

Mama wa kibanda cha chai jirani alinisimulia. Siku ya kwanza ya fujo Fundi alivunja kufuli langu, akatia lake, akaandika mlango. Alihamia ndani, akilala juu ya maboksi. Akamkalisha mama yake nje mchana kutwa. Vijana walipokuja na petroli, bibi yule aliwauliza kwa Kibukusu wao ni wana wa nani, mmoja mmoja, na kama mama zao wanajua walipo. Fundi akasimama nyuma yake na kuwaambia yule mama wa duka alikwisha kuuza akaenda zake. Walirudi mara nyingine, wakamkuta bibi bado yupo. Wakachoka.

Fundi alinipa ufunguo kwa mikono miwili. Nikaingia. Hakuna bati wala msasa uliopotea. Lakini kila kopo la kompaundi, lile kubwa na lile dogo, kali na laini, lilikuwa limefunguliwa, na katikati ya kila moja palikuwa na shimo la kidole. Alikuwa ameonja duka zima.

Nilimshukuru. Yeye nilimpa maneno tu, lakini mama yake nilimshika mikono yote miwili nikamwinamia kwa moyo wote. Fundi akaangalia yale maandishi mlangoni, akasema nisijali, ni rangi tu, angeleta kompaundi kali ayatoe kesho. Nilimwambia nitayatoa mwenyewe. Niliyatoa kwa thina na tambara, nikisugua polepole, na makopo yote aliyotia kidole niliyapeleka nyuma nikayazika kwenye shimo la taka. Watoto wangu walidhani nimechanganyikiwa. Walisema mtu aliyetuokoa, tuzike alichotia kidole?

Watu wengi wameniambia tangu hapo kwamba mambo hayo mawili yanafutana, mkono na duka. Walisema hivyo kwa nia njema, hata padri. Mimi nimeuza rangi maisha yangu yote. Najua rangi moja haifuti nyingine, inaifunika tu.

Mama yake alifariki mwaka uliofuata, na Fundi akarudi kwao Bungoma. Nilipoona nafasi yake tupu ng'ambo ya barabara nilivuta pumzi kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Nilimwona mara moja zaidi. Nyambura alikuwa akihudhuria mazoezi ya vidole katika hospitali moja ya Bungoma, na siku hiyo nilimsindikiza. Tulitoka mchana tukitafuta mahali pa kula, tukapita kando ya uwanja wa kuoshea magari, nikasikia mtu akiniita, "Mama Njeri." Sauti ile ya besi. Alitoka nyuma ya gari jeupe, amekonda, kijivu kimempanda mpaka viwikoni. Aliporudisha midomo nyuma kucheka niliona meno ya mbele hayapo tena. Fizi tu, nyeusi. Alionyesha furaha ya kweli kuniona. Alikunja ngumi, akainamisha kichwa, akaninyooshea kifundo cha mkono.

Sikukigusa. Nikamwambia: "Huyu ni mdogo wangu. Yule wa gari la buluu."

Kifundo kilibaki hewani. Fundi akamtazama Nyambura usoni, kisha macho yakashuka kwenye mkono, yakatulia hapo, na nikaona akiusoma kama alivyosoma bodi zote: pale ulipopinda, pale mshono ulipoinuka, vidole visivyofunga.

"Hii walikunyoosha vibaya," akasema taratibu. "Wangeifungua tena."

Damu ilinipanda. Nilitaka kumwambia kitu ambacho kingemwangusha pale kwenye matope. Lakini Nyambura alikuwa amekwisha kusogea. Aliinua mkono ule mbovu, akiuinua kwa msaada wa bega kama anavyolazimika, akauweka juu ya kifundo cha Fundi, wote, kuanzia kiwiko. Uzito wake ukakaa juu ya ule mkono wa Fundi uliolowa.

"Habari ya siku nyingi, Fundi," akasema.

Alijibu nzuri. Halafu akajibu tena nzuri, kama hakusikia la kwanza. Hakuutoa mkono wake. Alisimama akiwa ameubeba ule wa Nyambura, kinywa wazi, mpaka mwenye gari jeupe alipomwita. Nyambura alijitoa polepole. Kijivu kilikuwa kimemwingia kwenye kovu.

Nilimvuta mpaka kwenye mfereji wa bomba wa uwanja ule, nikamwosha kama mtoto, nikisugua kwa sabuni hadi akasema namwumiza. Nikamuuliza kwa nini amempa mtu yule salamu.

"Hiyo haikuwa salamu," akasema. "Nilitaka aubebe."

Kisha, nikiwa bado namkausha kwa kanga yangu, akaniambia bila kunitazama kwamba mtu yule alilala dukani kwangu, akamkalisha mama yake kipofu mlangoni pangu, na leo nimekataa hata kifundo chake.

Tukaenda tukala. Aliagiza samaki akamchambua kwa mkono wa kushoto, naye ni hodari siku hizi. Mimi sikuweza kula. Nilikaa nikitazama sahani yangu, harufu ya mafuta ya taa puani. Yeye aliyevunjwa alimpa mkono. Mimi niliyelindiwa duka nilimnyima. Nimejaribu mara nyingi kuona haya kwa jambo hilo, na haya hainijii.